Gothic 3: kasoro zipo, lakini icheze

Ndugu, umeuliza kama Gothic 3 inastahili muda wako au ni gemu mbovu tu. Mimi nasema icheze, ila si kama ilivyotoka 2006. Watengenezaji wake, studio ya Piranha Bytes ya Ujerumani, waliitoa haijaiva: ilikwamakwama hata kwenye kompyuta zenye nguvu, na nguruwe mwitu mmoja tu aliweza kukupiga mfululizo mpaka ufe, hata nafasi ya kuinua upanga huna. Hilo silitetei. Weka kwanza marekebisho ya bure ambayo mashabiki waliyatengeneza kwa miaka kadhaa. Yamegusa mpaka mapigano yenyewe.

Hapo ndipo utaona watengenezaji walikuwa wanatafuta nini. Unatoka kwenye theluji ya Nordmar hadi jangwa la Varant kwa miguu, bila kusubiri ramani ipakie. Maorki, yale majitu ya kivita, wameshaiteka Myrtana, ufalme wa binadamu, na wewe unachagua: uwafanyie kazi, au ukomboe mji mmoja baada ya mwingine. Hadithi ni nyepesi, na wahusika wengi hawakai kichwani. Lakini uhuru ule wa kuamua nani atawale mji, sijaupata kwenye gemu nyingi zilizong'arishwa kuliko hii.