Pasta alla Norma: biringanya zisinywe mafuta

Uliyeuliza kwa nini biringanya zako hulowa mafuta na kuvurugika kwenye pasta alla Norma (tambi za Sicilia, Italia, za biringanya, nyanya na jibini): mafuta yako hayajapata moto wa kutosha. Ndani ya biringanya mna vijishimo vingi vya hewa, kwa hiyo kwenye mafuta vuguvugu inafyonza kabla haijashika rangi.

Kwa watu 4, kata biringanya gramu 600 vipande vya sentimita 2, nyunyizia kijiko cha chai cha chumvi, ziache kwenye chujio dakika 30, halafu zikaushe vizuri kwa kitambaa. Chumvi hapa ni ya kutoa maji na kulegeza vile vijishimo. Uchungu si hoja sana kwa biringanya za siku hizi. Kaanga kwa mafuta ya kina cha sentimita 1, nyuzi joto 180, kidogo kidogo. Ukijaza kikaango, moto unashuka na umerudi kulekule.

Sosi ni punje 2 za kitunguu saumu na nyanya gramu 500 zilizomenywa, dakika 20. Rigatoni (tambi fupi zenye umbo la mrija) gramu 350: itoe dakika 1 kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, iivie ndani ya sosi pamoja na maji kidogo uliyoichemshia. Changanya nusu ya biringanya, nyingine weka juu wakati wa kupakua, na majani ya rihani. Jibini ya Sicilia ya pasta hii ni ricotta salata, yaani ricotta iliyotiwa chumvi na kukaushwa, ya kukwaruza. Ukiikosa, tumia pecorino (jibini ngumu ya maziwa ya kondoo) na upunguze chumvi. Mozzarella hapana, inavutika. Iache kwa parmigiana, yaani biringanya za kuoka kwa tabaka na nyanya na jibini.