Kwa kijana unayepewa namba nane: niliyojifunza kwa Toni Kroos

"Mwalimu, huyu mbona hakabi?"

Aliyeuliza ana miaka 13. Mazoezi yalikuwa yamekwisha, tumeinamia simu yangu watu sita chini ya mwembe, tunatazama vipande vya mechi za Real Madrid. Nilicheka, ila swali lilinikaa kichwani hadi nyumbani. Nilicheza kiungo miaka tisa kwenye ligi ya wilaya, sikufika mbali, na sasa nafundisha vijana. Makosa yangu mengi ya uwanjani ningeyaepuka kama mtu angenikalisha mapema nimtazame Toni Kroos, yule kiungo Mjerumani, nikaacha kuwaiga wapiga chenga. Kwa hiyo jibu la yule kijana, na lako wewe unayeanza namba nane, yaani kiungo wa kati, msimu huu, limekuwa refu.

Mtazame kabla mpira haujamfikia. Beki wa kati anajiandaa kumpa pasi. Kroos anageuza shingo kulia, anageuza kushoto, anarudi hatua mbili, anafungua mwili ili mguu wa mbali ndio upokee. Mpira ukitua, yeye ameshajua unakwenda wapi. Mkabaji anafika amechelewa, anakuta nyasi. Alipenda sana kushuka upande wa kushoto, kati ya beki wa kati na beki wa pembeni, pale ambapo beki wa kushoto Marcelo alikuwa amepaacha wazi kwa kupanda. Akisimama pale uwanja wote uko mbele yake, na ndipo unapoona ule mpira mrefu unaokatiza uwanja mpaka kwa winga wa kulia, unamkuta mguuni bila kumsumbua.

Hilo la shingo linafundishika, na zoezi lake halina gharama. Nasimama nyuma ya mchezaji, mwenzake anampa pasi, mimi nanyanyua vidole. Kabla hajaugusa mpira lazima ataje idadi. Wiki ya kwanza wote wanabahatisha. Wiki ya tatu unasikia "Nne!" na mpira bado uko njiani. Ukikosea unaokota koni siku hiyo. Fanya hivyo na rafiki yako, hata uchochoroni, hata kwa mpira wa makaratasi.

Na kukaba? Rudini kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 8 Julai 2014, Belo Horizonte, Brazil wakiwa kwao. Kroos alifunga dakika ya 24, na kabla watu hawajakaa sawa akafunga tena dakika ya 26. Lile la pili anza kulitazama nyuma kidogo: ni yeye aliyempokonya mpira Fernandinho wa Brazil, akapasiana na mwenzake Khedira, akamaliza. Mechi iliisha Ujerumani 7, Brazil 1. Anakaba basi, ila anachagua. Kumkimbiza kila mwenye mpira kama kuku aliyekatwa kichwa, jambo ambalo mimi nililifanya kwa fahari na kupigiwa makofi, kulikuwa kunaniacha hoi dakika ya 60.

Sasa kuhusu pasi za upande. Utazomewa. Mzazi mmoja pembeni atapiga kelele "Mbele! Mbele!" kila ukiupeleka kwa beki wako. Kroos mwenyewe, Wajerumani wenzake walimpachika jina la utani la kumkejeli, yaani Toni wa pasi za upande. Ujerumani ilipotolewa na England kwenye Euro, michuano ya mataifa ya Ulaya, mwaka 2021 akaachana na timu ya taifa, na Uli Hoeneß, mkubwa wa Bayern Munich, alisema hadharani kwamba mchezaji wa namna yake hana nafasi tena kwenye soka la siku hizi. Miaka miwili na nusu baadaye timu hiyohiyo inafungwa na Uturuki, inafungwa na Austria, Euro ya nyumbani iko mlangoni. Kocha Julian Nagelsmann akamwomba arudi. Mechi yake ya kwanza ilikuwa Lyon dhidi ya Ufaransa, Machi 2024. Mpira umeanzishwa, Kroos akampigia Florian Wirtz pasi ndefu mbele, Wirtz akaachia shuti kutoka mbali: bao, sekunde ya 7. Kisha kwenye mechi ya ufunguzi ya Euro dhidi ya Scotland alipiga pasi 102, moja tu ikapotea.

Hata hivyo usiziabudu takwimu. Nina vijana wanaomaliza mechi bila kupoteza pasi na bila kumsaidia mtu yeyote. Pasi lazima iwe na ujumbe. Ukimpa mwenzako kali kwenye mguu wa mbali, umemwambia "geuka, huna mtu". Ukimpa ya taratibu kwenye mguu wa karibu, umemwambia "nirudishie, kuna mtu mgongoni". Pasi ya upande ya Kroos ilikuwa inawasogeza wapinzani hatua tatu kushoto ili ile ya nne ipite kulia. Yule mzazi wa pembeni haoni hatua hizo tatu. Kocha wako anaziona. Kama haoni, vumilia.

Uvumilivu huo ndio nilioukosa mimi. Kroos alizaliwa Greifswald, mji wa pwani ya Baltiki, Januari 1990, wakati Ujerumani Mashariki ikihesabu miezi yake ya mwisho. Baba yake alikuwa kocha wa vijana, mama yake mchezaji wa badminton. Akapita Hansa Rostock, akachukuliwa na Bayern mwaka 2006, na mwaka uliofuata, kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 kule Korea Kusini, akatajwa mchezaji bora wa mashindano ingawa kombe lilibebwa na Nigeria. Septemba ya mwaka huohuo akacheza Bundesliga, ligi kuu ya Ujerumani, kwa mara ya kwanza, ana miaka 17. Mtu ungedhani njia imenyooka. Haikunyooka. Mbele yake kulikuwa na watu wazima, dakika zikawa haba, na Januari 2009 akapelekwa Bayer Leverkusen kwa mkopo. Kule akacheza. Msimu wa 2009/10, chini ya kocha Jupp Heynckes, akafunga mabao 9 ya ligi, akaitwa timu ya taifa, na Bayern wakamrudisha kama mtu wanayemhitaji.

Mimi nikiwa na miaka 19 timu yangu ilitaka kuniazima kwa timu ndogo ya jirani. Nikaona nimeshushwa hadhi. Nikagoma, nikakaa benchi mwaka mzima na jezi safi kabisa, najiona niko timu kubwa. Yule aliyekwenda badala yangu alicheza kila wiki, na aliporudi alichukua namba yangu. Mpaka leo tukikutana ananinunulia soda. Nenda unakochezeshwa.

Kosa ndilo litakalokupima kuliko yote. Kombe la Dunia, Sochi, tarehe 23 Juni 2018: Ujerumani, mabingwa watetezi, wameshafungwa na Mexico, wakipoteza na Sweden wamekwisha. Dakika ya 32 Kroos anatoa pasi mbovu katikati, Sweden wanainasa, Ola Toivonen anamchopia kipa Manuel Neuer. Bao moja bila, na kila mtu uwanjani anajua ni la nani. Tazama dakika 60 zinazofuata, usiruke kwenda mwisho. Anaendelea kuuomba mpira. Palepale katikati, kwa mkono ulionyooshwa, kana kwamba hajaharibu. Marco Reus anasawazisha baada ya mapumziko, Jérôme Boateng anatolewa kwa kadi nyekundu, wanabaki kumi. Dakika ya 95 inapatikana faulo upande wa kushoto, nje kidogo ya boksi, pembe mbaya. Kroos anamgusia Reus, Reus anautuliza, Kroos anauzungusha mpaka kona ya mbali. Baada ya mechi hakumsingizia mtu: alikiri kwamba bao la Sweden lilikuwa kosa lake. Siku nne baadaye wakafungwa na Korea Kusini wakaenda nyumbani, kwa hiyo hata lile bao halikuokoa chochote. Ila mimi nalionyesha kila msimu.

Nalionyesha kwa sababu najua nilichokuwa nafanya mimi. Baada ya kutoa pasi iliyozaa bao nilikuwa najificha. Kiungo akitaka kujificha hahitaji kuondoka uwanjani. Anasimama tu nyuma ya mgongo wa mpinzani, mahali ambapo beki wake hawezi kumpa mpira, na kwa mbali anaonekana yuko kazini. Mashabiki hawajui. Kocha anaweza asijue. Mabeki wako wanajua, na hawatakusahau. Ukikosea, pasi inayofuata iombe wewe. Iwe fupi, ya mita tano, lakini iombe.

Mengine nitayapitia haraka. Kuumia: Aprili 2013 aliumia kwenye mechi na Juventus, akakosa fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley, Bayern wakawafunga Dortmund yeye akiwa mtazamaji. Mshahara: yeye na Bayern hawakuelewana, na siku chache tu baada ya kubeba Kombe la Dunia 2014 akauzwa Real Madrid kwa takriban euro milioni 25, bei ambayo leo wengi wanaiita ya bure. Huko, yeye, Luka Modrić na Casemiro wakachukua Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo, 2016 hadi 2018. Angalia walivyogawana kazi: Casemiro anabomoa, Modrić anabeba, Kroos anasambaza. Hakuna aliyetamani kazi ya mwenzake. Kwenye timu yangu viungo wote watatu wanataka kuwa namba kumi, mchezeshaji wa mbele.

Na viatu. Kwa miaka mingi alivaa aina moja ileile nyeupe ya Adidas, iliyoshaondolewa madukani, kampuni ikaendelea kumtengenezea yeye. Wenzake wanabadilisha rangi kila mwezi. Mimi nilinunua daluga mpya mnadani Ijumaa, nikacheza nazo Jumamosi, kufikia mapumziko visigino vimechubuka na nimeomba kutoka. Mguu wako lazima uzoeane na kiatu, usiuonee haya uzee wake.

Alitundika daluga mwaka 2024 akiwa na miaka 34, kwa hiari, watu bado wanamtaka. Mechi ya mwisho ya klabu ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa, Wembley, tena na Dortmund, miaka 11 baada ya ile aliyoikosa. Mechi ya mwisho kabisa haikuwa nzuri hivyo: robo fainali ya Euro kule Stuttgart, mapema alimgonga Pedri, kiungo wa Uhispania, hadi akatolewa ameumia, baadaye akamwomba radhi, na Uhispania wakafunga dakika ya 119. Sikufichi hilo, kwa sababu kijana aliyeuliza swali la kwanza aliliona pia kwenye simu na akanikodolea macho.

Yeye lakini kilichomnasa ni kitu kingine: ile kona ya Wembley, dakika ya 74. Kroos anaipiga kutoka kushoto kwa mguu wa kulia, mpira unaingia nguzo ya karibu kwa kimo cha kichwa, Dani Carvajal, beki mfupi, anatangulia watu wote na kufunga. Tuliirudia mara nane mpaka chaji ikaanza kulia.

Jumamosi iliyofuata kijana akaomba awe mpigaji wetu wa kona. Nikaweka ndoo juu ya kiti cha plastiki, usawa wa nguzo ya karibu, nikamwambia ukiigonga mara 20 kwa siku moja kona ni zako. Hadi jana rekodi yake ilikuwa 6, na kiti kimevunjika mguu mmoja.