Dereva aliyemponda kalunguyeye kwa makusudi

Umeuliza iwapo dereva uliyemwona huko England akiacha njia yake ili amponde kalunguyeye ametenda kosa, au ni ukatili tu usioguswa na sheria. Ni kosa, mradi nia yake ithibitishwe. Sheria ya Kuwalinda Mamalia wa Mwituni ya mwaka 1996 inataja kuponda miongoni mwa vitendo vinavyokatazwa vinapofanywa kwa nia ya kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miezi 6, faini, au vyote viwili. Ugumu wote umo katika hiyo nia, kwa sababu anayemgonga mnyama kwa bahati mbaya hana hatia chini ya sheria hiyo, na karibu kila dereva atajitetea hivyo. Kwa hiyo andika leo hii, kabla kumbukumbu haijafifia, mahali, saa, namba ya gari na namna lilivyogeuka. Kama una picha za kamera ya gari, zihifadhi zisifutike. Kisha peleka taarifa polisi, ukiomba ofisa anayeshughulikia makosa dhidi ya wanyamapori. Tafadhali usimfuate dereva huyo wewe mwenyewe.