Ndoo iliyopigwa picha kutoka juu

SWALI: Birika hunitosha kuiona mara moja, hata ikigeuzwa vipi. Lakini juzi nimetazama picha ya ndoo iliyopigwa kutoka juu moja kwa moja, nikakaa muda kabla ya kuijua. Je, ubongo huhifadhi umbo kamili la kitu au rundo la picha zake?

JIBU: Ndugu, watafiti wa uoni wamelivutania swali hilo kwa miongo. Picha inayotua kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, haina kina, na hubadilika kila ukisogea. Ajabu si kwamba ndoo ilikuchanganya. Ajabu ni kwamba huchanganyikiwi siku nzima.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Irving Biederman alipendekeza kwamba tunakichambua kitu katika maumbo ya msingi yasiyozidi 36, kama silinda na koni, kisha tunaangalia yameungana vipi. Mstari ulionyooka huonekana umenyooka karibu kila upande utakaosimama, kwa hiyo maumbo hayo hayasumbuliwi sana na pembe. Birika ina tumbo, mkono na mdomo. Ukiigeuza, kwa kawaida viungo vya kutosha hubaki vikionekana. Ndoo ukiiangalia kutoka juu, ubavu wote hutoweka na mkono hulala kwenye ukingo. Unabaki na duara ndani ya duara, na hiyo yaweza kuwa sahani.

Hata hivyo, viungo peke yake havitoshi. Mwaka 1992 watafiti Heinrich Bülthoff na Shimon Edelman waliwafundisha watu vitu vigeni, mithili ya waya uliopindwapindwa, kwa pembe chache tu. Walipowajaribu kwa pembe nyingine, makosa yaliongezeka kadiri pembe mpya zilivyokuwa mbali na zile watu hao walizozizoea. Miaka 3 baadaye, Nikos Logothetis na wenzake walikuta kwenye ubongo wa nyani seli zinazochangamka kitu kama hicho kikionekana kwa pembe fulani na kupoa kikizungushwa. Chache sana hazikujali pembe.

Mimi naegemea upande wa picha, kwa sharti moja: kutenganisha birika na ndoo, viungo hutosha; lakini kutenganisha waya mbili zinazofanana, huna budi uwe umeziona kwa pembe zinazokaribiana na ile unayoziona nayo sasa.

Ingekuwa ndoo yenyewe iko mbele yako, ungeinamisha kichwa kidogo tu, ubavu ukajitokeza. Picha ilikunyima hilo.