Alibweka usiku, hospitali akacheka

MUULIZE NESI

Shikamoo nesi,

Naandika kutoka Uyole, Mbeya. Nina mtoto mmoja wa kiume, ana mwaka mmoja na miezi tisa. Mume wangu ni dereva wa lori, na wiki hiyo alikuwa amekwama kwenye foleni ya Tunduma. Nyumbani tulikuwa mimi, mtoto na mama mkwe.

Ilikuwa Julai. Mtoto alikuwa na mafua siku mbili, mafua ya kawaida tu, anacheza na ugali anakula. Nikamlaza saa mbili. Saa nane kasoro nikasikia kitu kinabweka. Haki ya Mungu nilidhani mbwa wa jirani kaingia ndani. Kumbe ni mwanangu! Amekaa kitandani, macho yamemtoka, akikohoa anabweka, akivuta pumzi inatoka sauti kama mtu anayemalizia soda kwa mrija. Akilia, sauti imekauka. Na hapa chini ya shingo, juu ya mfupa wa kifua, panabonyea kishimo kila anapovuta.

Mama mkwe akaingiza jiko la mkaa chumbani, akabandika sufuria na majani ya mikaratusi ili tumfukize. Mimi nikampigia dereva wa bajaji, akapokea mara ya tatu. Nikamfunga mtoto blanketi nikatoka kumsubiri barabarani. Baridi ya Uyole unaijua. Tulisimama kama robo saa, na bajaji yenyewe turubai la pembeni limechanika, upepo ukatupiga njia nzima.

Tulipofika hospitali mtoto anashangaa taa, anacheka. Mhudumu akampima joto, akasikiliza kifua, akaniuliza, "Mama, mgonjwa ni nani hapa?" Watu kwenye benchi wakacheka. Nikapewa amoksilini na chupa ya dawa ya kikohozi, nikalipa, nikarudi nyumbani na aibu yangu. Usiku wa pili ikarudi, safari hii nikaona haya kwenda. Nikakaa naye mapajani mpaka kukakucha.

Sasa mama mkwe anasema ni kimeo, na kuna mzee anayekata. Watoto wote wa ukoo wamekatwa, na mume wangu akiwamo. Jirani anasema ni pumu. Mimi kila baridi ikishuka jioni naanza kusikiliza chumbani. Naomba uniambie ni nini, na kama nilichokiona nilikiona kweli.

Mama wa mtoto mmoja, Uyole

*

Marahaba, mwanangu. Ulikiona kweli.

Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo linalokuuma kuliko mengine. Mtoto aliyebweka saa nane na mtoto aliyecheka mbele ya mhudumu ni yule yule, na ugonjwa ni ule ule. Kilichobadilika katikati ni hewa aliyoivuta njiani, nitakueleza. Lakini kwanza niungame. Mwaka wangu wa kwanza kazini, kituo cha afya upande wa Njombe, alikuja mama amebeba mtoto mgongoni, ametembea usiku kwenye umande. Mtoto ametulia tuli. Nami, binti mdogo mwenye gauni jeupe jipya, nikamwambia, "Mtoto mzima huyu, mrudishe akalale." Kabla ya mapambazuko akarudi, na safari hii mtoto nilimsikia tangu getini. Tabibu aliyekuwa zamu ndiye aliyeniita pembeni akanifundisha ninachokuandikia leo. Mtoto alipona. Yule mama sikumwomba radhi, na sasa nimezeeka nalo.

Kwa jinsi ulivyoeleza, mwanao alipata ugonjwa ambao madaktari wanauita krupu. Kama ungeniandikia "mtoto alishindwa kupumua" tu, nisingesema kitu, maana nyuma ya maneno hayo kuna magonjwa kumi. Lakini umenipa mafua ya siku mbili, kubweka, sauti iliyokauka, mvumo wakati wa kuvuta hewa, na usiku wa manane. Vitano hivyo vikikaa pamoja kwa mtoto wa kati ya miezi sita na miaka mitatu, karibu kila mara ni krupu.

Ni virusi, wa ukoo wa hawa hawa wanaoleta mafua. Wakishuka puani wanavimbisha njia ya hewa pale kwenye sanduku la sauti na chini yake kidogo. Mimi na wewe tukivimba hapo tunapata sauti ya bati kwa siku mbili, basi. Lakini bomba la hewa la mtoto mchanga lina upana wa milimita nne hivi. Vimba milimita moja tu kuzunguka, zinabaki mbili, na nafasi ya hewa kupita inabaki robo ya ile ya mwanzo. Mwanao ni mkubwa kidogo kuliko huyo, lakini hajamwacha mbali. Mrija wako wa soda ni mfano mzuri kuliko niliousoma chuoni. Ndiyo maana sauti ilitoka akivuta ndani. Pumu inabana chini kwenye vijia vidogo vya mapafu, na mluzi wake husikika zaidi wakati wa kutoa pumzi. Jirani yako hakuwa mbali na ukweli, ila alikosea mlango.

Sasa ile baridi. Hewa ya ubaridi inadhaniwa kusinyaza mishipa ya damu iliyovimba pale kooni, njia inapanuka kidogo. Wazee wa kazi walilijua hili siku nyingi, na mwaka 2023 madaktari wa Geneva, Uswisi, walichapisha utafiti wao: watoto wenye krupu waliopewa dawa kisha wakakaa nje nusu saa kwenye baridi ya chini ya nyuzi 10 walipata nafuu upesi kuliko waliopewa dawa hiyo hiyo wakabaki ndani. Uyole ya Julai usiku inashuka chini ya hapo bila kuombwa. Robo saa ya barabarani pamoja na turubai lililochanika vilimtibu mwanao kwa muda. Ukafika dirishani na mtoto anayecheka.

Ila nafuu hiyo haikai. Mara nyingi usiku wa pili, hata wa tatu, inarudi, kama ilivyokurudia. Ndiyo sababu dawa inahitajika hata kama mtoto amefika amechangamka. Dawa yenyewe inaitwa deksamethasoni, kongwe na ya bei ndogo, na kwa krupu dozi moja kwa kawaida inatosha. Hupigiwa hesabu kwa kilo za mtoto, anaweza kuimeza, na inaanza kupunguza uvimbe ndani ya saa chache. Usiende kuinunua duka la dawa ukaipima kwa kijiko cha chai. Mtoto apimwe uzito na atazamwe kwanza. Akiwa amebanwa sana, hospitali humvutisha adrenalini kwa mashine ya mvuke, kisha wanabaki naye saa kadhaa, kwa sababu hiyo inafanya kazi upesi na kuisha upesi. Amoksilini uliyopewa huua bakteria, na hapa hapakuwa na bakteria. Ya kikohozi nayo haikuwa na kazi.

Ikitokea tena (inaweza, watoto wengine hurudiwa kila msimu wa mafua mpaka wakaribie umri wa kuanza shule, bomba likipanuka huacha), jambo la kwanza ni uso wako. Mtoto anausoma. Akilia anavuta hewa kwa nguvu, na bomba lililovimba likivutwa kwa nguvu linazidi kubana. Kwa hiyo mpakate wima, mgongo wake kifuani kwako, umwimbie chochote hata kama wewe mwenyewe unatetemeka. Usimlaze chali. Usimfungue mdomo na kijiko kutafuta kitu kooni. Mvike vizuri, mfunge blanketi, uso uachwe wazi, mtoke nje au mkae mlangoni. Na simu ikiwa ina chaji, washa kamera umrekodi nusu dakika. Picha ya kishimo kikibonyea na sauti ya ule mvumo haiwezi kuulizwa "mgonjwa ni nani".

Mwaka ule Njombe hatukuwa na simu za hivyo. Yule mama alikuwa na maneno yake tu, na mimi sikuyapokea.

Ukifika, sema hivi: "Alikuwa anabweka, anavuma akivuta hewa ndani hata akiwa ametulia, pamebonyea hapa, ilichukua dakika kadhaa, tulipokaa nje ikapungua." Maneno "hata akiwa ametulia" usiyasahau. Mtoto anayebweka lakini akitulia anapumua kimya, krupu yake ni ndogo. Anayevuma huku ametulia mapajani, huyo asingoje asubuhi. Na midomo ikigeuka rangi, au akilegea, au akawa amechoka mpaka ule mvumo unapungua huku kishimo kinaendelea, hapo hakuna kukaa nje kupunga upepo. Ni kuondoka hapo hapo kwa chochote chenye magurudumu.

Mawili yanaweza kufanana na hili na si lenyewe. Mtoto aliyekuwa mzima, anacheza au anatafuna, ghafla akapaliwa: huyo amevuta karanga au punje ya hindi. Kama hawezi kukohoa wala kulia, mwinamishe kichwa chini umpige kwa kiganja katikati ya mabega mara tano, na msiingize kidole kooni kutafuta msichokiona. Akitulia bado apelekwe, maana karanga haionekani kwenye eksirei na inaweza kukaa pafuni wiki nyingi ikidhaniwa nimonia. La pili ni mtoto mwenye homa kali, udenda unamtoka, hataki kumeza, amekaa ameinamia mbele na habweki. Hilo ni la hatari zaidi, lakini limekuwa adimu palipo na chanjo ya bakteria wanaolileta. Kwetu iliingia mwaka 2009 ndani ya ile sindano ya pamoja inayoitwa Penta. Tazama kadi ya kliniki: wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Zikiwa zimejazwa, shukuru, songa mbele.

Nifike kwa mama mkwe, ambaye simlaumu. Alipoona mjukuu anakata pumzi alifanya alichofanyiwa na mama yake. Lakini kimeo, mwanangu, hapana. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi kila mtu anacho, hata mimi ninayekuandikia. Uvimbe wa krupu uko chini zaidi, kwenye sanduku la sauti, ambako kisu cha mzee hakifiki, na kama kingefika angemuua. Nimewapokea watoto waliokatwa. Mmoja alikuja kanga ya mama yake imelowa damu mbele yote, na alikuwa bado anakohoa kile kile kikohozi alichokatiwa. Mbali na damu kuna pepopunda, kuna maambukizi ya wembe uliotoka kwenye koo la mtoto mwingine. Watoto wa ukoo "walipona" kwa sababu krupu na mafua huisha yenyewe ndani ya siku chache, na sifa ikaenda kwa aliyekuwa ameshika wembe siku hiyo.

Usibishane naye jikoni. Utakuwa mkwe asiye na adabu, na neno litafika Tunduma kabla ya chakula cha jioni. Siku ya kliniki mwombe akusindikize: "Mama, twende wote, wewe ndiye uliyemwona usiku ule." Na ni kweli, alimwona. Mwache yeye amsimulie nesi, kisha nesi ndiye aseme habari ya kimeo. Mumeo naye mwambie mapema kwa simu, asije akaruhusu jambo akiwa safarini kwa kudhani ni dogo.

Kufukiza kusitishwe pia. Mvuke haujaonekana kusaidia krupu, ila sufuria ya maji ya moto na mtoto anayerukaruka kitandani nimeona matokeo yake wodini, ngozi ya kifua inabanduka. Na lile jiko ndilo lililonifanya nisome barua yako mara mbili. Huku kwetu nyanda za juu Juni na Julai kila nyumba inaingiza jiko ndani na kufunga dirisha. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na watu wazima hulala nayo wasiamke. Mtoto mwenye njia ya hewa iliyobaki robo haipaswi robo hiyo iwe ya moshi. Pasheni chumba mapema mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabisa kabla hamjalala, hata likiwa majivu yenye makaa machache, na yeye aongezewe sweta.

Kuhusu kusikiliza kila jioni: kama hana mafua, lala. Akipata mafua, usiku wa kwanza mpaka wa tatu mlaze chumba chako, utamsikia bila kukesha. Na namba ya yule dereva wa bajaji iandike kwa kalamu ukutani karibu na mlango, pamoja na ya dereva wa pili, maana huyo wa kwanza mpaka apigiwe mara tatu.