Mkuu usiandike samurai kabla hujaujua mwaka

Mkuu simama hapo hapo, usiiguse sura ya nne. Umeuliza kama samurai wa hadithi yako, yaani askari wa Japani ya zamani, wa mwaka 1575, anaweza kukataa kumsaliti bwana wake kwa sababu sheria ya Bushido, yaani kanuni za maadili ya samurai, inamkataza, na kama ninja, wale wapelelezi wa siri, wamvamie usiku na nguo nyeusi. Hilo la kwanza limenitoa kitandani, maana ndo lililonizamisha.

Hadithi yangu yote ilisimama juu ya Bushido. Kuna jamaa yuko kwenye lango la ngome, adui anamuahidi ardhi na mchele afungue lango, jamaa anapiga goti, anachomoa kitabu kifuani, anasoma ibara inayosema samurai hasaliti, kisha anajitoboa tumbo. Kila kilichofuata kilitegemea lile goti. Nikalipa hela ya kuchapisha kutoka mfukoni kwangu, jalada la rangi, vitabu vikatoka, halafu msomaji mmoja anayeijua historia ya Japani akaniuliza kitu kimoja tu: hicho kitabu anachosoma kimeandikwa mwaka gani? Nikatafuta jibu mpaka nikalipata, na nilipolipata hadithi yote ikaanguka, mzigo upo ndani mpaka leo.

Sikia sasa. Kwa mwaka wako, kitabu cha hivo hakipo. Bushido inayojulikana dunia nzima imetoka kwenye kitabu cha Nitobe Inazo cha mwaka 1900, amekiandika kwa Kiingereza akiwa Marekani, wakati tabaka la samurai lilishafutwa zamani na kubeba panga hadharani kulipigwa marufuku tangu 1876! Wengine watakuletea kitabu cha Hagakure, nacho ni maneno ya Yamamoto Tsunetomo yaliyokusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1700, mtu ambaye hajawahi kupigana vita hata moja kwa sababu nchi ilishatulia, na samurai wengi wa enzi yake walikuwa makarani wanaolipwa kwa mchele. Mzee anasifia kifo ambacho hakukiona vitani, halafu wewe unamvisha maneno yake mtu wa miaka zaidi ya mia moja kabla yake.

Hao wa enzi yako walisaliti kweli kweli. Akechi Mitsuhide alikuwa jemadari wa Oda Nobunaga, bwana wa vita mkubwa, mwaka 1582 akageuza jeshi alfajiri akamzingira bosi wake kwenye hekalu la Honno-ji kule Kyoto, Nobunaga akafia mle mle. Vita vya Sekigahara mwaka 1600, jemadari Kobayakawa Hideaki amekaa na jeshi lake juu ya mlima watu wanamsubiri, alipokuja kushuka akawashukia watu wa upande wake mwenyewe, Tokugawa Ieyasu wa upande wa pili akashinda na 1603 akawa shogun, mtawala wa kijeshi wa nchi nzima. Todo Takatora yeye alihama bwana mmoja baada ya mwingine, na hakuishia kunyongwa, alikufa mwaka 1630 akiwa mtawala mkubwa wa jimbo la Tsu.

Kwa hiyo huyo wako akiwa langoni, mpe sababu ya mwaka wake. Mkewe na mtoto wako wapi? Enzi zile mabwana walishika mateka, Ieyasu mwenyewe utoto wake ameupitishia mikononi mwa ukoo wa Imagawa. Akifungua lango mtoto anakufa, asipofungua anakufa yeye, hapo msomaji hatakiweka kitabu chini na hujahitaji ibara yoyote.

Kinachoniuma ni walionijaza huo ujinga. Mwalimu wa klabu ya karate niliyokuwa naenda alitundika bango la sifa saba ukutani, akatuapia zimetoka kwa samurai wa kale, kumbe ni sura za Nitobe zimepangwa upya. Na yule jamaa wa chaneli ya video anayejiita mwanahistoria, anatoa somo la saa nzima na hataji mwaka hata mmoja, "samurai walifanya hivi", samurai wa lini? Wa miaka ya 1100 anapiga mshale juu ya farasi, wa 1575 yuko vitani Nagashino kwenye moshi wa bunduki, wa 1750 anahesabu magunia. Mtu asiyetaja mwaka usimsikilize, hata kama ana mkanda mweusi.

Ninja nao hivo hivo, mpelelezi wa kweli alivaa kama mtawa au mchuuzi ili asionekane, ile nguo nyeusi ni mambo ya jukwaani na picha za baadaye. Na usiwafanye maadui wa samurai, Hattori Hanzo alikuwa samurai wa Ieyasu kabisa, na watu wa Iga, jimbo linalosifika kwa ninja, walikuwa na ardhi na silaha zao mpaka Nobunaga alipowasambaratisha mwaka 1581.

Ila yote hayo utayarekebisha ukishashika mwaka. Andika 1575 kwa kalamu nene juu ya kila sura, kisha kila kitu anachoshika, anachovaa na anachosema huyo jamaa kiulize ulikuwepo mwaka huo? Kisichojibu, toa. Ukimaliza iweke hapa sura ya kwanza niisome, na hela ya mchapaji usiitoe kwanza, nakuomba sana.