Kamera zako hazijambo, zina makengeza tu

SWALI: Assalaam alaykum maalim. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Napiga picha kwa kamera mbili zilizofungwa kwenye ubao mmoja, moja ya jicho la kushoto, nyingine ya jicho la kulia, ili mtazamaji aone kipi kiko mbele na kipi kiko nyuma. Niliwapiga akina mama wakichambua karafuu, nikiwa hatua moja kutoka kwenye jamvi, kamera nimeziachanisha kwa sentimita 12. Nikawaandikia wenzangu: "Leo nimelinganisha kamera zangu mbili." Wote wakaniuliza ipi bora! Ami yangu seremala anasema ningesema "nimezitia pimamaji". Neno sahihi ni lipi? Na mbona wanaotazama picha hizi za kina wanalalamika kuumwa na kichwa?

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Wenzako hawakukosea, na wewe hukukosea. "Linganisha" lina kazi mbili: kuvifanya vitu vilingane, na kuviweka pamoja ujue tofauti yao. Hii ya pili ndiyo tuliyofundishwa skuli, "linganisha na linganua", nayo ndiyo inayotangulia kichwani. Lakini ami yako akisema amelinganisha miguu ya meza, hakuna atakayemuuliza mguu upi bora. Miguu ya meza haishindanishwi. Kamera hushindanishwa kila siku madukani. Kwa hiyo taja kile ulichokilinganisha: "nimelinganisha vimo vya kamera zangu". Hapo utata umekwisha.

Tatizo lako kubwa ni jingine. Unatafuta neno moja kwa kazi nne, na Kiswahili kina neno kwa kila kazi. Tena ukilijua neno, utajua na kichwa kinauma kwa sababu gani.

Anza na kimo. Zifungue picha zote mbili kwenye kompyuta, ubavu kwa ubavu, kisha vuta uzi mbele ya kioo kutoka kushoto hadi kulia. Chagua kitu kimoja, tuseme pete kidoleni mwa mama mmoja. Uzi ukipita juu ya pete katika picha ya kushoto na chini yake katika picha ya kulia, kamera zako hazitazami kwa kimo kimoja. Macho yetu yamezoea kupanda pamoja na kushuka pamoja. Ukitaka moja lipande na jingine lishuke yatajaribu, na kichwa ndicho kitakacholipa. Kazi hii iite "kusawazisha". Simu zetu zimelichukua neno hilo kwa habari za data, lakini bado tunasawazisha kiwanja kabla ya kujenga, na hakuna atakayekushangaa.

Sasa iache pete: tafuta kitu kilicho ukingoni kabisa kushoto, na kingine ukingoni kulia. Ikiwa katikati uzi unakubali, lakini picha moja imepanda upande huu na kushuka upande ule, kamera hiyo imekwenda tenge. Tenge ni neno zuri, tunaliacha life bure. Dawa yake ni ya useremala: legeza parafujo (skurubu, kama mnavyosema vijana), chopeka kabari nyembamba ya bati la kopo upande ulioinama, kaza, piga tena, rudi kwenye uzi. Hapa pimamaji la ami linafaa sana. Lakini pimamaji halijui kimo: kamera mbili zinaweza kutulia sawasawa kila moja mahali pake, na moja ikawa juu ya mwenzake. Wala halijui kazi ya tatu.

Kazi ya tatu ni makengeza. Nina hakika umezigeuza kamera zako kidogo ndani, zote zitazame jamvi. Wengi hufanya hivyo, maana inaonekana ndivyo macho yanavyofanya. Matokeo yake, kamera ya kushoto hulirefusha jamvi upande wa kushoto, na ya kulia upande wa kulia, basi pembeni mwa picha uzi haukubali tena, hata kama katikati umekubali. Tuna methali: ukipenda, chongo huita kengeza. Kamera moja ni chongo, haina hila. Mbili zenye kengeza ndizo zinazoumiza. Ziweke sambamba, kama ngalawa mbili zinazokwenda bila kukutana, kisha uzisogeze picha zenyewe kushoto au kulia baadaye kwenye kompyuta.

Ya nne ni fupi: lenzi zote mbili zikuze kwa kiasi kimoja. Hiyo ni "kuoanisha".

Kuna watakaokupendekezea "kulandanisha". Mimi silitaki hapa. Kulandana ni kufanana sura, mtoto kalandana na babake, na kamera zako zinalandana tangu zilipotoka dukani.

Na "picha za kina", je? Kwa masikio ya leo, za kina ni za maelezo mengi, kama ripoti ya kina. Mimi nasema "picha pacha". Faida yake ni kwamba kwetu mchoro pia ni picha, na picha pacha zilianza na michoro: mwanasayansi Charles Wheatstone wa Uingereza alipokieleza chombo chake cha vioo viwili cha kutazamia picha hizo mwaka 1838, upigaji picha ulikuwa haujatangazwa kwa watu.

Limebaki "nimeziachanisha". Sema "nimezitenganisha", wasije Wete wakakuuliza talaka ngapi. Nazo sentimita 12 ni nyingi. Nafasi kati ya macho ya mtu mzima ni kiasi cha milimita 63 hadi 65, na kanuni ya mafundi ni kwamba kitu cha karibu kabisa kiwe mbali mara 30 ya nafasi iliyo kati ya lenzi. Kwa ubao wako, rudi nyuma mita 3.6. Ukitaka kubaki hatua moja kutoka kwenye jamvi, subiri akina mama waende kunywa chai, pasibaki kinachotikisika, uzipige karafuu na makonyo yake kwa kamera moja, ukiisogeza sentimita 3 kati ya picha ya kwanza na ya pili.